Pedeli za kunasa au vishikizo vya mkanda? Tunayoyaamini Tanga na ukweli wake

Tanga watu wengi wanaendesha baiskeli kwa ndala, juu ya pedeli bapa za raba, na wanafika kazini na sokoni bila shida yoyote. Ubishi uko kwa wale wa Jumapili, wenye baiskeli za gia, wanaotoka mjini kuelekea Muheza au Horohoro. Wanunue pedeli za kunasa, ambazo kliti, kile kipande kidogo kilichofungwa chini ya soli, inajibana yenyewe ukikanyaga? Au waweke vishikizo, ile fremu ya chuma au plastiki inayoufunika mbele mguu, ikakazwa kwa mkanda? Kwenye ubishi huo yanasemwa mengi, na si yote ya kweli.

"Za kunasa zinaongeza mwendo sana kwa sababu unavuta mguu juu."
Hili ndilo linaloaminiwa kuliko yote. Waliopima nguvu kwenye pedeli wameona kwamba hata waendeshaji wazoefu, kwenye mwendo wa kawaida, karibu kazi yote wanaifanya kwa kusukuma chini. Mguu unaopanda unajitahidi tu usiulemee mwenzake. Ukijilazimisha kuvuta, unachoka zaidi kwa kazi ileile. Kuvuta kunasaidia kidogo unapochomoka ghafla au kwenye mlima mkali, na mlima mkali Tanga mjini uutafute kwa tochi. Labda upite Muheza upande Amani. Faida yenyewe ni kwamba unyayo unabaki mahali pake, ile sehemu pana nyuma ya vidole ikiwa juu ya ekseli ya pedeli, hata soli ikilowa mvua au barabara ikiwa ya mashimo.

"Vishikizo ni salama, mguu unatoka muda wowote."
Inategemea umekazaje. Mkanda ukiwa umelegea, unarudisha mguu nyuma na umetoka, lakini ukilegea hivyo haukushiki kwa maana. Ukiukaza ukushike sawasawa, kutoka inabidi uiname, ubonyeze kifungo, uulegeze, ndipo uvute. Hapo pedeli ya kunasa inakuachia upesi zaidi: unapeleka kisigino nje, basi. Springi yake inalegezwa kwa skrubu ndogo ya kwenye pedeli yenyewe. Kwenye nyingi za SPD, aina ya pedeli za kunasa za Shimano, unatumia ufunguo wa aleni wa milimita 3. Anayeanza ailegeze kabisa, ashike ukuta, afunge na kufungua mpaka kisigino kizoee.

Kuanguka kupo, sikatai. Mara nyingi kunatokea wakati wa kusimama. Bodaboda inakatiza bila indiketa, unashika breki, kisigino unakisahau, unalala ubavu kama mnazi uliokatwa, na wazee wa kahawa wote wanakutazama. Dawa ni kutoa mguu mmoja kabla hujafika kwenye makutano, na uwe uleule kila siku.

Vishikizo navyo vina kero ambayo wauzaji hawaitaji. Ukisimama, fremu inapinduka na kuning'inia chini ya pedeli, inakwaruza lami. Kuondoka ni lazima uiguse pedeli kwa ncha ya kiatu igeuke, ndipo uchomeke mguu. Kwenye msongamano wa Ngamiani, ambako unasimama kila kona, ningebaki na pedeli bapa tu.

"Vishikizo vimepitwa na wakati."
Kwenye mashindano ya barabarani, ndiyo. Look, kampuni ya Ufaransa, walitoa pedeli yao ya kunasa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda nayo mashindano ya Tour de France. Lakini wakimbiaji wa keirin, mashindano ya baiskeli ya uwanjani kule Japani, wanafungwa miguu kwa mikanda mpaka leo. Halafu vishikizo vinakubali raba zako za kawaida. Ndala hapana.

"Viatu vya pedeli za kunasa hutembei navyo."
Hapa watu wanachanganya aina mbili. Kliti ya skrubu tatu ni pana na imechomoza chini ya soli. Ukishuka unatembea kama bata, na inalika haraka. Ya skrubu mbili, kama SPD, imezama ndani ya soli, unaingia nayo dukani. Kwa anayekwenda mapango ya Amboni na atashuka kutembea, ningenunua hiyo bila kujiuliza.

"Za kunasa zinaharibu magoti."
Kliti iliyofungwa upande inaumiza, ndiyo. Irekebishe ifuate jinsi mguu wako unavyokaa wenyewe.

"Ukishafunga, umemaliza."
Pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume. Fundi asiyejua ataikaza kwa nguvu mpaka aue hesi za kranki, ule mkono unaoshika pedeli. Angalia herufi L na R kwenye ekseli, na upake grisi, maana hewa yetu ya chumvi inaoza chuma. Skrubu za kliti nazo zikaguliwe mara kwa mara: moja ikidondoka, kiatu kinazunguka lakini kliti haifunguki, na hapo kisigino ukipeleke nje utakavyo, mguu hautoki.