Kujitolea nje ya nchi: yanayosemwa hapa Kigoma na ukweli wenyewe

Jumatatu ya wiki iliyopita kijana mmoja wa Kibirizi alikuja hapa steshenari Mwanga anataka nimtolee kopi ya fomu, kwenye simu ana meseji kwamba amechaguliwa kwenda kujitolea Canada miezi sita, atume laki nne na nusu ya "usajili wa viza" kabla ya Ijumaa la sivyo nafasi anapewa mwingine. Na hela anayo. Mama yake kauza dagaa aliowaanika wiki nzima akaongezea na ya kikoba. Nikamwambia hebu kaa kwanza mdogo wangu. Namba ya kutumia hela ni ya mtu binafsi, barua ina nembo iliyokatika pembeni, jina lake wamelikosea, na kazi atakayoenda kufanya haijaandikwa popote. Tulikaa karibu lisaa, na aliyoniambia nimeshayasikia kwa watu kibao hapa mjini, ndo maana naandika.

Kubwa ni hilo la hela. Watu wanaamini nafasi nzuri lazima uilipie kwanza. Jamani hapana. Programu kama weltwärts ya Ujerumani, iliyoanza 2008 kwa hela ya serikali yao, inamgharamia kijana nauli ya ndege, bima, chumba, chakula na posho kidogo ya mfukoni. UNV ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa 1970 na makao yake yapo Bonn, haikutozi hata senti kuomba. Yapo makampuni halali yanayouza safari za kujitolea, na vijana wengi wa kizungu wanaokuja huku wamelipa wenyewe, hilo sikatai, ila hapo unanunua safari kama mtalii na lazima ujue unalala wapi, mwenyeji wako nani, ukiugua nani analipa hospitali. Lakini mtu anayesema umechaguliwa wakati hajawahi hata kukuhoji halafu anataka hela kwenye namba yake, huyo ni tapeli, simung'unyi maneno. Pasipoti nayo unaomba mwenyewe Uhamiaji, ni 150,000, na wanataka uthibitisho wa unachosafiria. Huhitaji dalali.

Halafu kuna ile ya kwamba kujitolea nje ni mambo ya wazungu. Naielewa inatoka wapi, sisi wa Kigoma tumekua tunaona magari meupe ya mashirika yanaelekea Kasulu na Kibondo kwenye kambi za wakimbizi, kwa hiyo ukisema volontia mtu anamuona mgeni na begi mgongoni. Na kweli zipo programu ambazo sisi hatuingii: Peace Corps ilianza kuleta watu huku tangu 1961 ila ni ya raia wa Marekani tu, wale wa JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, ni Wajapani, na ile ya Umoja wa Ulaya ya miaka 18 hadi 30 kwa kiasi kikubwa ni ya vijana wa Ulaya na nchi jirani zao, kwa hiyo mtu akikutumia linki yake soma kwanza orodha ya nchi. Ila weltwärts tangu 2013 ina upande wa Kusini kwenda Kaskazini, yaani Mtanzania wa miaka 18 hadi 28 naye anaenda kule, mara nyingi mwaka mzima, anasaidia labda shule ya chekechea au nyumba ya wazee. Umoja wa Afrika nao una kikosi chake cha vijana tangu 2010, unapelekwa nchi nyingine ya Afrika. Tatizo letu ni kwamba hii ya Ujerumani huombi kwa kujaza fomu ya kwenye mtandao tu, unapitia asasi ya hapa nchini inayoshirikiana na ya kule, sasa kijana kama hajulikani na asasi yoyote anaipataje hiyo taarifa? Hapo ndo matapeli wanapopenyea.

Na wanaosema lazima uwe na digrii? Upande huo wa weltwärts sio sharti. Wanaangalia kama una moyo na umeshafanya nini nyumbani. Roots & Shoots ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, ni mpango wa klabu za vijana za mazingira na ilianza hapa hapa Tanzania 1991 na wanafunzi 12 tu, na kupanda miti na klabu ya shule yako ni kitu cha kuandika kwenye maombi.

Kuna wanaosema ukifika unazamia, na wengine wanasema ni utumwa, unafanyishwa kazi bure. Wote wanakosea kwa sababu wanaipima kama ajira. Viza unapewa kwa ajili ya ile huduma na mkataba unasema saa zako na likizo zako, na posho ni ya sabuni, vocha na nauli ndogo ndogo, sio ya kutuma nyumbani ukaezeke nyumba, kwa hiyo mzazi anayeuza kiwanja akitegemea mwanae atakirudisha kwa mwaka mmoja ataumia sana, na huyo mtoto atakaa kule na presha isiyo yake.

Yule kijana alirudi nyumbani na hela yake. Jioni nilipita Kibirizi, mama yake kazihesabu noti mara mbili palepale mchangani, zinanuka dagaa, za kikoba akazifunga kwenye ncha ya kitenge. Ijumaa ile namba ilipiga mara tatu, kijana hakupokea.