Wakhasi: urithi kwa binti, kauli kwa mjomba

Makala za utalii hupenda kusema kwamba Meghalaya, kaskazini-mashariki mwa India, kuna kabila linalotawaliwa na wanawake. Wanaosemwa ni Wakhasi, na habari hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Ni kweli mtoto wa Kikhasi hufuata ukoo wa mama. Nyumba ya ukoo humwendea binti kitinda mimba, na kwa desturi mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Lakini kurithi si kutawala. Binti huyo ni mtunzaji zaidi kuliko mmiliki: hulea wazazi wazee, hupokea ndugu waliokwama, hubeba mzigo wa ibada za ukoo, na hauzi mali hiyo kwa hiari yake. Kauli nzito ilikuwa ya mjomba. Kwenye dorbar, baraza la kijiji, kwa desturi waliketi wanaume peke yao. Mgeni anayeona akina mama wameshika biashara katika soko la Iewduh, Shillong, hachelewi kudhani wameshika na serikali!

Mjomba naye siku hizi amepungua nguvu. Wakhasi wengi ni Wakristo, na mjini baba huamua mengi nyumbani kwake. Tangu 1990 kipo chama cha wanaume, Syngkhong Rympei Thymmai, kinachotaka watoto wafuate ukoo wa baba. Kisha mwaka 2018 baraza la wilaya la Khasi Hills, lililojaa wanaume, lilipitisha muswada wa kumvua Ukhasi mwanamke anayeolewa na mtu wa nje.