Bunju na Meno Yasiyokoma Kukua: Dhana Potofu Kuhusu Ulishaji Wake

Watu wa Pwani humfahamu bunju kama samaki wa baharini mwenye sumu anayejivimbisha akishtuliwa, na wengi wao hushangaa kusikia kwamba Ziwa Tanganyika nalo lina bunju wake. Hupatikana upande wa mashariki wa ziwa, karibu na mlango wa Mto Malagarasi, na pia katika Mto Kongo. Wanasayansi humwita Tetraodon mbu, jina ambalo msomaji wa Kiswahili halipiti bila kutabasamu, hasa akijua kwamba “mbu” huyo hufikia urefu wa zaidi ya sentimita 60. Sisi wachache tunaofuga bunju hapa Kigoma katika matangi ya kioo tumerithishana maelezo mengi kuhusu meno yake, na sehemu kubwa ya maelezo hayo si sahihi.

Bunju ana sahani nne za meno, mbili juu na mbili chini, zilizoshikana mithili ya mdomo wa kasuku. Jina la kisayansi la ukoo wake linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya meno manne. Ndani ya taya, tabaka mpya za dentini, ile sehemu ngumu inayounda jino, hujengeka mfululizo na kuzisukuma nje zile za zamani, maisha yote ya samaki. Huko ziwani na mitoni, magamba ya konokono, kaa na chaza huyasaga meno hayo kadiri yanavyokua. Ndani ya tangi, kazi hiyo humwangukia mfugaji.

Dhana iliyozoeleka zaidi kwetu, na si ajabu katika mji wenye sifa ya dagaa, ni kwamba dagaa mkavu, kwa kuwa ni mgumu mkononi, atayapunguza meno ya bunju. Ukweli ni kwamba ugumu wa dagaa ni wa ukavu tu: akikaa majini kwa dakika chache hulainika, na mifupa yake ni myembamba mno kuweza kusaga chochote. Samaki wadogo walio hai nao hawasaidii, kwani bunju huwakata vipande na kumeza. Kinachosaga meno ni gamba lenyewe, ambalo limejengwa kwa chokaa na ambalo samaki hulazimika kulivunja kwa kuliuma mara kadhaa.

Wapo wanaoamini kwamba bunju anayetema chakula ameshiba au ana kinyaa. Nilikuwa na imani hiyo pia, hadi niliposogeza uso karibu na kioo jioni moja. Bunju wangu alimkaribia konokono, akamtazama kwa jicho moja huku jicho la pili likigeukia kwangu, akauma, kisha konokono akateleza na kuanguka mchangani akiwa mzima. Akarudia mara nne. Hapo ndipo nilipoona kwamba meno ya juu yalikuwa yameshuka na kuyafunika ya chini, na kati yake umebaki mwanya mwembamba usiopitisha hata kipande cha nyama ya kamba. Samaki huyo alikuwa na njaa, na meno yake ndiyo yaliyomzuia kula. Asiposaidiwa, bunju wa namna hiyo hukonda hadi kufa mbele ya chakula tele. Tangu siku hiyo hutazama mdomo kwanza kila ninapolisha, kabla ya kutazama tumbo.

Dhana ya tatu husema kwamba kadiri gamba linavyokuwa gumu ndivyo linavyofaa. Konokono wengi wa Ziwa Tanganyika wana magamba mazito isivyo kawaida kwa wanyama wa maji baridi, jambo ambalo wataalamu hulihusisha na kaa wa ziwa hili wenye magando ya kuvunjia magamba, kila upande ukizidi kujiimarisha dhidi ya mwenzake kwa vizazi vingi. Bunju mkubwa wa Malagarasi huwamudu, lakini bunju mdogo wa urefu wa kidole anaweza kuvunjika jino. Huyo apewe konokono wa gamba jembamba, wasiozidi ukubwa wa jicho lake.

Kosa linalonitia hofu zaidi, na ambalo halimhusu samaki peke yake, ni kudhani kwamba konokono wa ziwani hana madhara kwa kuwa ndiye chakula cha asili cha bunju. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo humtoka konokono, vikaogelea na kupenya ngozi ya binadamu. Anayeingiza mikono mitupu katika ndoo ya konokono waliookotwa kwenye majani ya ufukweni anajiweka katika hatari ileile ya mtoto anayeoga hapo. Njia salama ni kuvaa glavu, na kuwazalisha konokono wako mwenyewe katika beseni la pembeni kutokana na mayai, au kuwagandisha kwenye friza kabla ya kuwalisha. Bunju wengi hukubali chakula kilichogandishwa wakishazoea, na gamba halipungui ugumu.

Kuhusu mawe yanayowekwa ili samaki “ajinoe”, sina mengi ya kusema: wengine huyang'ata, wengine huyapuuza maisha yao yote, na hayawezi kuchukua nafasi ya mlo.

Si kweli pia kwamba bunju wote wanafanana. Yule wa Amazoni, Colomesus asellus, meno yake hukua haraka mno hata wafugaji makini hulazimika kuyakata, ilhali Tetraodon miurus wa Kongo kwa asili hula samaki na hasumbuliwi sana.

Kukata, basi, si ukatili kama wengi wanavyodai. Bunju hulazwa kwa dawa ya usingizi, mara nyingi mafuta halisi ya karafuu yaliyotikiswa kwanza katika chupa ndogo ya maji kwa kuwa hayachanganyiki kirahisi, kisha ncha hupunguzwa kidogo kidogo kwa mkasi mdogo wa kucha. Kazi hii aifanye mtaalamu wa mifugo au mtu aliyekwisha kuifanya, kwa sababu dawa ikizidi samaki haamki tena. Asitolewe majini akiwa macho: akijivimbisha kwa hewa badala ya maji, anaweza kushindwa kuitoa. Wala kukata hakumalizi shida, kwani jino lililokatwa linaendelea kukua kama awali. Wangu alikatwa, akaanza kula siku ya pili, na wiki hiyohiyo nikasikia tena ule mlio mkavu wa gamba likipasuka nyuma ya kioo.