Kutoa maji kifuani nyumbani: kwa nini tunafunga kabla hayajaisha

Karibu kila ndugu wa mgonjwa ninayemfundisha hapa Kigoma kutoa maji yaliyojaa kifuani au tumboni kwa mpira wa kudumu, yaani unaoachwa mwilini, huniuliza swali lilelile siku ya kwanza: kwa nini tufunge wakati maji bado yanatoka? Nalijibu hilo hapa, kwa kuwa mengine, yaani kunawa mikono kwa sabuni, kufuta ncha ya mpira kwa spiriti na kubadilisha gozi, watu huyashika upesi.

Mpira wenyewe ni laini, wa silikoni, na hupitishwa chini ya ngozi kwa sentimita kadhaa kabla ya kuingia penye maji. Katika sehemu hiyo una kijipete cha nyuzi ambacho nyama hukishika baada ya majuma machache, ndipo mpira unapoacha kuchomoka ovyo na vijidudu vinapokosa njia. Nje kuna vali inayofunguliwa na ncha maalumu ya chupa yake tu, kwa hiyo haichokonolewi kwa sindano wala mpira haukatwi. Nimewahi kuletewa mmoja uliofungwa kwa uzi wa nyavu, na aliyeufunga alijivunia fundo lake.

Kiwango cha juu kwa mara moja ni lita 1 kwa kifua na lita 2 kwa tumbo, isipokuwa daktari wako amekupangia pungufu. Pafu lililobanwa na maji kwa muda mrefu likitanuka ghafla, mishipa yake midogo huweza kuvujisha maji ndani ya pafu lenyewe, na mgonjwa aliyekuwa akihema akahema zaidi. Maji ya tumboni nayo hubeba protini ya mwili, na yakitolewa mengi kwa haraka shinikizo la damu huweza kushuka.

Hata hivyo, mwili hutangulia kipimo. Huko Ujiji binti mmoja alikuwa amechora mstari wa kalamu kwenye chupa, penye nusu lita tuliyokubaliana. Mama yake akaanza kukohoa na kushika ubavu kabla maji hayajafika hapo. Binti akautazama mstari, akanitazama mimi.

“Daktari, bado kidogo tu.”

“Funga, mwanangu.”

Akafunga, na baada ya dakika chache kikohozi kikatulia.

Mpira huu si wa kila maji. Maji yaletwayo na kifua kikuu hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu. Tumbo lililojaa kwa sababu ya ini kusinyaa, au kichocho cha miaka mingi, ambacho sisi wa kando ya ziwa tunakijua, linahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa mpira ukikaa humo maambukizi ni rahisi. Anayenufaika zaidi ni mgonjwa wa saratani ambaye maji yake hurudi kila yanapotolewa, na ambaye bila mpira angepelekwa hospitali ya Maweni mara kwa mara kuchomwa sindano upya.

Homa, usaha, wekundu unaosambaa au maji yaliyogeuka mazito ni sababu ya kuja siku hiyohiyo. Mkitoa mara tatu mfululizo na kila mara mkapata chini ya mililita 50, msivute kwa nguvu: huenda utando wa pafu umeshikana na ukuta wa kifua, nasi tukauondoa mpira, au huenda umeziba tu. Njooni na mgonjwa, pamoja na daftari la vipimo.