Daktari wa ubongo sio wa kichwa tu jamani

Kuna hii kitu watu wengi wanaamini, eti daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kazi yake ni kupasua kichwa basi, kwa hiyo mtu akiambiwa nenda kamuone anajua ndo mwisho wake. Mama mdogo alikua na maumivu ya kiuno yanashuka mpaka unyayoni, mguu unakufa ganzi, akaandikiwa rufaa kwa huyo bingwa akalia siku nzima. Kumbe hawa wanashughulika na mfumo mzima wa fahamu, ubongo, uti wa mgongo, hadi neva, yaani mishipa ya fahamu, ndogo za mkononi, na ile diski ya mgongo, kile kimto laini katikati ya pingili, iliyotoka ikabana neva ni kazi yao kabisa. Na wengi wanaowaona wala hawapasuliwi, wanapewa dawa na mazoezi.

Watoto wa kichwa maji nao ni wao, maji yakijaa kichwani yakagoma kushuka wanapitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni mpaka tumboni, maji yanatiririkia huko. Pale Mbale Uganda, miaka ya 2000 mwanzoni, Dokta Benjamin Warf alikua anawafungulia wengi njia ya maji humo humo ndani ya ubongo kwa kamera ndogo, bila mpira. Mgongo wazi, yaani mtoto anazaliwa uti wa mgongo haujafunga, pia wanaufunga hao hao.

Na shule yao si mchezo, udaktari miaka 5 au 6 kutegemea nchi, intaneshipu (mafunzo ya kazi hospitalini) mwaka 1, halafu ubingwa miaka mingine kadhaa. Kwa hiyo ukipewa rufaa usiogope jina, nenda mapema, hasa mguu ukianza kuishiwa nguvu au mkojo kukushinda, hapo usisubiri hata kesho.