Je, wajua samaki aliyepinduka tumbo juu huenda bado yu hai?

Ukimkuta samaki wako wa dhahabu anaelea asubuhi, tumbo likitazama dari, usimtoe kwanza. Angalia vifuniko vya matamvua. Vikiwa vinafunguka na kujifunga, samaki anapumua, na tatizo lake huenda ni la mizani tu. Limewapata wengi wa aina yake, hasa wenye umri mkubwa, na baadhi wameishi nalo miezi mingi.

Ndani ya samaki mwenye mifupa kwa kawaida mna kibofu cha hewa. Watu wa kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa: ndilo bondo, lile la sangara linalokaushwa na kupelekwa China kwa bei inayoishinda minofu. Kazi yake ni kumfanya samaki asizame wala asielee, abaki pale alipo bila kuchoka. Kwa samaki wa maji baridi huchukua kama asilimia 7 ya ujazo wa mwili; wa baharini huhitaji kama 5 tu, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi na yanambeba.

Sasa, mbona apinduke badala ya kuelea wima? Kwa samaki wengi nguvu ya maji inayowainua hufanya kazi chini kidogo ya kitovu cha uzito wao. Kwa hiyo mkao wa mgongo juu haujishikilii wenyewe. Samaki anayeonekana ametulia tuli anapepea mapezi muda wote ili asipinduke. Akifa, mapezi husimama, naye hugeuka. Akizeeka au akiugua, anaweza kushindwa kazi hiyo hiyo akiwa bado hai.

Samaki wa dhahabu ana udhaifu wa ziada. Kibofu chake kina mrija unaofika kwenye njia ya chakula, hivyo hewa anayoimeza huweza kuingia humo. Sato na sangara wakubwa hawana mrija huo. Kibofu chao hujazwa gesi inayotoka kwenye damu. Samaki wa dhahabu anayelishwa chakula kikavu kinachoelea hugugumia hewa pamoja na kila punje.

Halafu kuna sisi binadamu. Wachina walianza kuwafuga samaki hawa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wao pamoja na Wajapani wakachagua kizazi baada ya kizazi wale wafupi, wanene, wengi wao wenye mikia ya kupepea: aina kama oranda, ranchu, ryukin. Uti wa mgongo ukafupishwa, utumbo ukasongamana, kibofu kikabanwa na mara nyingi chumba chake cha nyuma kikabaki kidogo. Nasema wazi: sehemu kubwa ya ugonjwa huu tumeufuga wenyewe. Wale wenye umbo refu la asili hupatwa nao kwa nadra zaidi, na ndio hudumu. Samaki wa dhahabu aitwaye Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo kwenye tamasha huko Uingereza mwaka 1956, alikufa 1999 akiwa na miaka 43, rangi yake ya chungwa imefifia kuwa ya fedha.

Tiba huanzia kwenye maji, wala si dukani. Pima amonia, sumu inayotokana na taka za samaki; inatakiwa iwe sifuri. Badilisha robo ya maji kwa mengine yenye joto lile lile, yaliyoondolewa klorini. Kisha mnyime chakula siku mbili au tatu. Usimhurumie, samaki mkubwa huvumilia hilo bila shida, na utumbo uliojaa huacha kukibana kibofu. Baada ya hapo mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda, halafu vyakula vinavyozama. Njegere haitibu kibofu, inalainisha choo tu, lakini ikiwa kufunga choo ndiko kulikomwinua, utaona tofauti haraka.

Usipoona tofauti, usimwage antibayotiki kwa kubahatisha. Huenda ni uvimbe, mayai yaliyokwama, figo iliyojaa maji au maambukizi, na kwa nje yote hayo huonekana sawa. Eksirei husaidia sana, maana gesi hutokea nyeusi kwenye picha na kibofu kilichohama mahali pake huonekana wazi. Na ndiyo, samaki hupasuliwa. Mwaka 2014, mjini Melbourne, samaki wa dhahabu aitwaye George, mwenye miaka 10, alitolewa uvimbe kichwani kwa upasuaji wa kama dakika 45. Daktari aliandaa ndoo tatu: moja ya kumlaza, ya pili ya kumdumisha usingizini huku maji yakipitishwa matamvuani, ya tatu maji safi ya kuamkia.

Wengi hawafiki kwa daktari wa namna hiyo, na samaki hubaki kilema. Hapo punguza kina cha maji ili safari ya kufuata chakula iwe fupi, punguza nguvu ya chujio, na umlishe kwa mkono. Anayeelea akiacha sehemu ya ngozi nje ya maji hupata vidonda pale panapokauka. Kagua kila siku. Anayezama huchubuka tumbo, hivyo ondoa changarawe. Wapo wanaowafunga boya la mpira mgongoni. Mimi silipendi, maana kamba hukwangua ute unaomlinda.

Asipokula kabisa na kupumua kwake kukawa kwa taabu, inabaki kumpumzisha, yaani kumuua bila mateso. Hapa karafuu ya Pemba inaingia: mafuta yake yana eujenoli, dawa inayotumika kuwalaza samaki usingizi, na kwa kipimo kikubwa humaliza bila maumivu. Kipimo na muda muulize daktari wa mifugo, kwa sababu kiasi kidogo humlaza tu kisha akaamka. Kumtupa chooni au kumweka kwenye friji agande si kumpumzisha.