Sindano iliyonikimbiza kwenye cherehani kwa miaka 11

Kila ninapoanza darasa jipya la ushonaji hapa sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam, huwaomba wanafunzi wanieleze kwanza kwa nini hawajawahi kushona, na majibu yao hufanana sana. Mmoja husema ana mikono mizito. Mwingine husema cherehani ya nyumbani kwao ilikuwa inakula uzi. Wa tatu husema aliwahi kuharibu kitambaa cha watu akiwa msichana, akaapa kwamba hatarudia tena. Huyu wa tatu humsikiliza kwa moyo wote, kwa kuwa kisa chake ni changu. Leo kushona na kufundisha kushona ndiyo kazi inayonilisha, lakini nilipomaliza shule ya msingi nilikaa miaka 11 bila kuigusa cherehani, na sababu yake ilikuwa kipande cha chuma kisichofika hata urefu wa kidole changu cha mwisho.

Tulikuwa tunakaa Temeke. Mama alinunua kitenge cha yadi sita Mtaa wa Uhuru kwa ajili ya harusi ya ndugu yetu, akaniruhusu nishone sketi yangu mwenyewe kwa sehemu iliyozidi. Nilikuwa nimekwisha kumwona akikanyaga cherehani yake ya mguu tangu nikiwa mdogo, hivyo sikuwa na hofu. Sindano iliyokuwamo ikavunjika, nikatumwa nyingine, nikainunua moja kutoka kwenye kibanda ambako sindano ziliuzwa rejareja zikiwa zimefungwa kwenye kikaratasi. Tangu nilipoifunga, mshono haukukaa. Sindano ilipiga hatua tatu na kuruka mbili, kisha uzi ukakatika. Nilikaza skrubu ya kubana uzi, nikailegeza, nikaikaza tena. Nilifumua na kurudia mpaka kitambaa kikaingia matundu kando ya mshono kama kilicholiwa na mende. Mama hakunigombeza. Alikikunja kile kitenge bila kusema neno, akaenda kumpa fundi, na ule ukimya wake ndio ulioniuma kuliko maneno yoyote ambayo angeweza kuyasema.

Miaka ilipita. Mama alipoamua kuiuza cherehani, alimwita fundi mmoja mzee, aliyekuwa amestaafu, aje aisafishe kwanza ili ipate bei nzuri. Mzee yule aliichomoa sindano, akaiweka kwenye kiganja changu kando ya nyingine aliyoitoa mfukoni, akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, hii sindano ya kiwanda mmeipata wapi?" Nilizitazama zote mbili kwa muda mrefu. Ile yake ilikuwa na shina nene lenye upande mmoja bapa. Ile yetu ilikuwa na shina la duara, jembamba zaidi, lisilo na upande bapa hata kidogo.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka ieleweke vizuri, kwa sababu imewafukuza watu wengi kwenye ushonaji wakidhani wamekosa kipaji. Sindano za kawaida za cherehani za nyumbani zina shina la unene wa milimita 2 hivi, lenye upande bapa. Sindano za mashine nyingi za kiwandani zina shina la duara la milimita 1.6 hivi. Ya kiwandani huingia kwenye cherehani ya nyumbani bila taabu, na skrubu huishika, lakini haikai mahali pake, wala hakuna kinachoizuia isigeuke upande. Kwa macho ya asiyejua, sindano ipo na inapanda na kushuka kama kawaida.

Sasa tazama kinachotendeka chini ya bamba. Sindano ikishuka mpaka mwisho wake na kuanza kupanda, uzi ulio upande wa nyuma yake hauwezi kupanda nayo mara moja, kwa kuwa umebanwa na kitambaa. Hivyo hujikunja na kufanya kitanzi kidogo, mahali penye kibonyeo juu kidogo ya tundu. Hapo hapo, kwa muda mfupi mno, ncha iliyochongoka ya shato, kile chuma kinachozunguka chini ya bamba, hupita ikakidaka kitanzi hicho na kukizungusha kuipita bobini yenye uzi wa chini, na uzi wa juu na wa chini hukumbatiana. Nafasi kati ya ncha hiyo na sindano ni ndogo kama unene wa karatasi. Sindano ikikaa mbali kidogo tu, au ikigeuka upande, ncha hupita patupu, na huo ndio mshono ulioruka. Huwezi kuuponya kwa kukaza skrubu ya uzi, hata ukishinda hapo tangu asubuhi mpaka jioni.

Hata sindano sahihi inaweza kufungwa kinyume. Vitabu vingi husema upande bapa uelekee nyuma, na kwa mashine nyingi za umeme ni kweli, lakini cherehani nyingi za mguu zilizomo majumbani mwetu zina bobini inayoingilia ubavuni, na sindano yake hutazama upande pia. Kanuni ninayoifundisha hufaa kote: upande bapa hutazama kule ambako ncha ya shato inapita, na uzi huingizwa tunduni kutoka upande wenye mfereji mrefu. Upitishe ukucha wako kwenye sindano, mfereji huo utausikia kabla ya kuuona.

Namba nazo zisikutishe. Sindano iliyoandikwa 90/14 ina unene wa milimita 0.9, yaani namba ya kwanza ni sehemu za mia za milimita, na ya pili ni hesabu ya zamani ya kitu kile kile. Kwa kanga mimi hutumia 80/12, kwa kitenge kizito 90/14, kwa jinzi 100/16 au zaidi. Nahimiza sana kubadili sindano baada ya saa kama nane za kushona, kwa sababu ncha iliyo butu hukata nyuzi za kitambaa badala ya kupenya katikati yake, na hapo ndipo yanapotokea matundu kama yale yaliyoniharibia kitenge.

Lalamiko jingine ni lile la cherehani inayotapika uzi chini ya kitambaa. Karibu kila mtu hukimbilia bobini, kwa sababu fujo inaonekana upande wake, ilhali mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vinavyoubana, na visahani hivyo hufunguka pale tu mguu wa kukandamiza kitambaa unapoinuliwa. Ukitunga uzi mguu ukiwa chini, uzi hukaa juu juu bila kubanwa, na shato huuvuta wote chini. Inua mguu, toa uzi, tunga upya kuanzia mwanzo. Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi ya furaha kwa jambo hili moja.

Zoezi la kwanza ninalolitoa ni doti ya kanga, na ninaamini hakuna zoezi bora kuliko hilo katika mji huu. Kanga hununuliwa zikiwa mbili zilizoungana. Kingo zake ndefu zimefumwa kiwandani zisifumuke, na kinachobaki ni kuzikata katikati na kukunga zile ncha fupi. Doti moja, kwa hiyo, ina mishono minne iliyonyooka, kila mmoja wa mita moja na ushee, na mstari wa pindo lililochapwa hukuongoza jicho mwanzo mpaka mwisho. Kwanza loweka doti kwenye maji, kwani wanga wa dukani huifanya kanga mpya iwe ngumu, na pamba hupungua ikifuliwa. Ianike, ipige pasi, ndipo ukate. Kunja ncha mara mbili, piga bandi kwa mkono kama bado huamini vidole vyako, halafu kanyaga polepole. Mshono wa kwanza utayumba. Wa nne, kwa karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha, huwa umenyooka, na yeye mwenyewe huupima kwa futikamba bila kuambiwa.

Wanaoanza na cherehani ya mguu huwapa kwanza karatasi yenye mistari, bila uzi kabisa, mpaka miguu izoee kulizungusha gurudumu upande mmoja. Likirudi nyuma hata kwa mzunguko mmoja, uzi hujisokota na kukatika.

Wanaume huniuliza kama darasa langu ni la wanawake tu. Swali hilo hunishangaza, maana ukitembea Kariakoo utakuta barazani mafundi wanaume wamepanga cherehani zao mstari mzima, wakishona magauni na sare za shule, na hakuna anayeona ajabu. Cherehani ile ile ikiingia sebuleni inahesabiwa kuwa ya mama. Wanaume niliowafundisha wamekuwa wavumilivu sana katika kupima, na mmoja wao sasa huwapunguzia wanawe suruali za mitumba vizuri kuliko ninavyozipunguza mimi.

Joto na chumvi ya pwani ni adui wa chuma. Funika cherehani, acha kipande cha kitambaa chini ya mguu wake kinyonye unyevu, na tia mafuta mepesi ya cherehani yenyewe. Mafuta ya kupikia, hasa ya alizeti, hunata yakikaa hewani, na nimefungua mashine zilizoganda kama zilizotiwa gundi kwa sababu hiyo.

Simshawishi mtu aache fundi wake. Fundi mzuri wa mtaani ana jicho ambalo mimi bado nalitafuta, na anayetaka gauni la sherehe lenye bitana na zipu iliyofichwa ampelekee yeye. Kushona nyumbani hakupunguzi sana gharama pia, ukihesabu uzi, muda na vitambaa vya kujifunzia. Kunachokupa ni nguo inayokukaa mwilini kwa sababu umeipima mwenyewe, na uwezo wa kutengeneza kwapa lililofumuka usiku wa kuamkia Idi, wakati kila fundi ana foleni.

Cherehani ya mama haikuuzwa. Ndiyo hii iliyopo dirishani, na baadhi ya mabaki ya kile kitenge yamo kwenye droo yake ya kushoto. Kila ninapofunga sindano mpya, hukata ukanda mwembamba na kuujaribia mshono kabla ya kuigusa kazi ya mtu.